Kufukuzwa kwa Kiingereza

(Mada iliyosomwa mbele ya Wazanzibari na marafiki zao, Falls Church, Virginia)



Nimeombwa nizungumze juu ya lugha, na nadhani waandaaji walitegemea nitakuja na ngeli na misemo ya wazee. Samahanini. Nimekuja na neno moja tu, "kufukuza", na jinsi linavyotuponza hapa Marekani.

Si mbali na ukumbi huu, katika barabara ya Leesburg Pike, kuna jengo ambamo imo Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya nchi hii nzima. Mtu akishindwa kesi yake ya ukimbizi mbele ya jaji wa uhamiaji, iwe Texas, Minnesota au hapa hapa Virginia, rufaa yake huja pale. Na katika rufaa nyingi sana Bodi haimwoni mtu, inamsoma tu. Machozi hayaingii kwenye faili.

Nikupeni kisa. Kijana mmoja wa Pemba, aliyefika hapa baada ya kukaa Kenya, aliandika maelezo yake kwa Kiswahili kizuri kabisa: nilifukuzwa kazi, tukafukuzwa katika nyumba, kisha Januari 2001 tukafukuzwa na askari mpaka pwani. Binamu yake, Mungu ambariki kwa nia njema, akafasiri zote tatu kwa neno moja, "chased". Siku ya mahojiano ofisa akamuuliza: ulipofukuzwa kazini, walikukimbiza watu wangapi, na ulikimbia umbali gani? Kijana akajibu kweli yake: sikukimbia, nilipewa barua. Ofisa akaandika kuwa maneno ya mdomo yanapingana na ya karatasi.

Mnacheka, na mimi nilicheka. Lakini tokea sheria ya 2005 inayoitwa REAL ID, jaji anaruhusiwa kumwona mtu muongo kwa sababu ya mgongano kama huo, hata kama haugusi kiini cha kesi. Yaani mtu anaweza kurudishwa alikotoka kwa sababu binamu yake hakujua kuwa kazini mtu huwa "dismissed" au "fired", na katika nyumba huwa "evicted".

Na wale askari jee? Hapo ndipo penye uzito. "Chased" ni miguu: yupo anayekimbia na yupo anayemfuata nyuma. Lakini wengi katika wale zaidi ya elfu mbili waliovuka kwenda Shimoni mwaka 2001 hawakuwa na mtu nyuma yao dakika ile walipopanda mashua. Waliona jirani kapigwa, wakasikia nyumba zinaingiwa usiku, wakaondoka. Huyo Kiingereza kinamwita aliyekuwa "driven out". Kuondoka ni miguu yake mwenyewe, lakini sababu ni mkono wa mtu mwengine. Ukisema "fled" umetaja kitendo chako. Ukisema "driven out" umetaja kitendo chao. Na ukisema "I left Zanzibar", kama tunavyosema sote tukiulizwa kazini, basi wewe ni mtu aliyefunga begi kwenda Dubai kununua vitambaa.

Serikali ya hapa nayo ina vitenzi vyake, na inavichagua kwa makini kuliko sisi. Zamani aliyezuiwa mlangoni alikuwa "excluded", na aliyekwisha kuingia akatolewa alikuwa "deported". Sheria ya 1996, iliyoanza kazi Aprili 1997, ikaviunganisha viwili hivyo kuwa kimoja, "removed", neno baridi kama la mtu anayeondosha sahani mezani. Tena kuna "voluntary departure", ambayo hiari yake mnaijua wenyewe: unajilipia nauli na kuondoka ndani ya muda uliopewa. Sisi kwenye simu tunasema tu "fulani kafukuzwa Marekani". Siyo sawa. Anayeondoka kwa njia hiyo na kutimiza masharti haandikiwi amri ya kuondoshwa, wala hapati kile kizuizi cha miaka kinachofuata amri ile, ingawa vizuizi vyengine vinaweza kumpata. Kisha baina ya Machi 2020 na Mei 2023, kwa kisingizio cha maradhi, watu mpakani walikuwa "expelled" bila ya kupata nafasi ya kuomba hifadhi kwa utaratibu wa kawaida. Neno lilibadilika kwa sababu sheria iliyotumika ilikuwa nyengine.

Hili neno "expel" lataka tulikalie kidogo, kwani linatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Mara nyingi ni la kumtoa mtu katika kitu ambacho alikuwa wa humo: skuli, chama, nchi. "Deport" kwa kawaida ni la mgeni. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90, waliotoka walikuwamo watu wenye uraia wa Uganda ambao makaratasi yao yalikataliwa. Kusema kuwa watu hao walikuwa "deported" ni kumkubalia Amin hoja yake kuwa walikuwa wageni. Sasa fikirieni Mzanzibari anayeambiwa kwao ni Oman au Ngazija, akatolewa kwao, halafu akaja hapa akaandika kwa mkono wake mwenyewe kuwa alikuwa "deported". Kesha wapa wenziwe ushindi!

Kwenye siasa zetu ndiyo vurugu tupu. Nimeona barua ya vijana wetu kwa mbunge wa hapa inayosema Maalim Seif alikuwa "overthrown" mwaka 1988. Msaidizi wa mbunge atatafuta vifaru na hatoviona. Sultan Jamshid ndiye aliyekuwa "overthrown", Januari 12, 1964, yeye na serikali yote, na kwa kuwa alikuwa na kiti cha enzi twaweza kusema pia "deposed". Yaliyofuata ni "exile", ambayo si tukio bali ni hali ya kuishi nayo: yeye aliishi nayo Uingereza mpaka 2020 aliporuhusiwa kwenda Oman, na akafariki huko Disemba 2024. Maalim Seif mambo yake yalikuwa mawili. Januari 1988 aliondolewa kwenye Uwaziri Kiongozi, hiyo ni "dismissed". Mwezi wa Mei chama chake CCM kikamvua uanachama, hiyo ni "expelled". Kiswahili chetu kwa yote mawili: kafukuzwa.

Na Mzee Jumbe, Januari 1984 kule Dodoma? Aliacha nyadhifa zake, kwa hiyo "resigned" ni kweli. Aliachishwa, kwa hiyo "ousted" pia ni kweli, kwani neno hilo halisemi ni kura, ni kikao au ni bunduki. Wenyewe Waingereza huyaunganisha wakasema "forced to resign". Sisi tukasema "hali ya hewa ya kisiasa imechafuka", utadhani ni mvua za masika ndizo zilizomwondosha. Mimi sijapata kusikia kitenzi kilichofichwa vizuri kuliko hicho.

Nirudi kwa kijana wa Pemba. Tulikaa nae usiku tatu. Kila palipoandikwa "kufukuzwa" nilimuuliza: na nani, kutoka wapi, kwa maneno gani? Kurasa mbili zikawa saba. Jaji alimkubalia, alhamdulillahi, baada ya kungoja sana.

Pahala pamoja palitushinda. Baba yake hakupewa barua wala hakuvunjiwa mlango. Sheha alimjia jioni akamwambia, "Mzee, hapa hapakufai tena," na asubuhi mzee akahama. "Evicted" siyo, "expelled" siyo, "left" ndiyo siyo kabisa. Mwisho tuliyaacha maneno ya sheha kwa Kiswahili kama alivyoyasema, na chini yake tukaeleza kwa Kiingereza sheha alikuja na nani jioni ile, na walikuwa wameshika nini.