UTUMWA KATIKA MAREKANI: MANENO YA WATU NA FAIDA YAO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa kueleza habari za utumwa wa Marekani. Wengi wetu tulifundishwa ya kwamba watu wa Kaskazini waliuchukia na watu wa Kusini waliupenda, basi. Lakini tukichungua tutaona ya kwamba mara nyingi maneno ya mtu yalifuata mahali alipopata riziki yake.

Hapo mwanzo wakubwa wengi walikiri ya kuwa utumwa ni uovu. Thomas Jefferson aliandika mwaka wa 1776 ya kwamba watu wote wameumbwa sawa. Lakini katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600, na shamba lake likaendelea kulimwa.

Mwaka wa 1793 ikatokea mashine ya kutenga pamba na mbegu zake. Pamba ikawa utajiri, na maneno yakageuka. Mwaka wa 1837 Seneta John C. Calhoun alisimama katika Baraza akasema utumwa ni jambo jema. Mwaka wa 1790 watumwa walikuwa karibu 700,000. Mwaka wa 1860 walikuwa karibu milioni 4. Makanisa nayo yakapasuka, Wamethodisti mwaka wa 1844 na Wabaptisti mwaka wa 1845, na kila upande ulishika Biblia ile ile.

Watu wa Kaskazini nao walikula faida ya pamba hiyo. Viwanda vya Massachusetts viliifuma, na meli za Salem zikaleta nguo hata Unguja, mahali palipokuwa na soko la watumwa vile vile. Ndiyo merikani waliyovaa wazee wetu.

Sasa sikilizeni habari za fundi mmoja. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika Maryland, akawa fundi wa kukalafati meli mjini Baltimore. Kila mwisho wa juma mshahara wake ulikwenda kwa bwana wake. Akileta dola 6, pengine alirudishiwa senti 6. Vijana wa Kizungu waliojifunza kazi pamoja naye walimpiga vibaya. Mwaka wa 1838 akatoroka, akafika New Bedford, mji usio na utumwa. Hata huko hakupata kazi ya ufundi wake, kwa sababu mafundi Wazungu wangeiacha kazi kama yeye angeingia. Akapasua kuni na kubeba mizigo.

Baadaye Douglass alieleza ya kwamba wenye watumwa ndio waliochochea chuki hiyo, na ya kwamba fundi Mzungu naye aliibiwa, maana atadai mshahara gani mwema, na pembeni yake yuko mtu anayelazimishwa kufanya kazi bure? Ndugu, neno hilo tulishike.

Hata hivyo wako waliokataa kuongozwa na tumbo. Vita vilivyoanza mwaka wa 1861 viliizuia pamba, na wafanya kazi wengi wa Lancashire, Uingereza, wakaona njaa. Si wote waliokuwa na nia moja. Lakini tarehe 31 Desemba 1862 wafanya kazi walikutana Manchester wakamwandikia Rais Lincoln kumwunga mkono katika kuuondoa utumwa, naye akawajibu.

Watumwa wenyewe hawakungoja maneno ya wakubwa. Maelfu walikimbilia majeshi ya Kaskazini, na watu weusi karibu 180,000 wakawa askari. Mwaka wa 1865 sheria ikaukomesha utumwa, isipokuwa kazi ya kulazimishwa kwa wafungwa. Kwa mlango huo wafungwa wengi weusi walikodishwa kujenga reli za Kusini.

Kampuni ya Pullman nayo iliajiri waliokuwa watumwa kuhudumu katika mabehewa ya kulala, kwa mshahara mdogo. Mwaka wa 1925 wahudumu hao waliunda chama chao, wakiongozwa na A. Philip Randolph. Walihangaika miaka 12 kabla ya kampuni kutia sahihi mapatano mwaka wa 1937.

Basi ndugu, akija mtu kutuambia ya kwamba kazi fulani au mshahara fulani ni wa watu wa namna fulani tu, kwanza tumwulize: faida inakwenda kwa nani? Tena tusimfukuze mwenzetu anayelipwa kidogo kuliko sisi. Tumwingize chamani.