HOTUBA: JOTO LA UMEME KATIKA NYUMBA ISIYO NA GESI

(Maneno yaliyosomwa na karani mwanachama katika mkutano wa wanachama, Kasulu)



Nilipoarifiwa na Katibu wetu ya kuwa zamu yangu imefika, nilidhani yafaa niseme juu ya mishahara na vyeo, maana hayo ndiyo mambo tupendayo kuyasikia. Walakini mwezi wa Juni u karibu, na wenzetu kadha wamehamishwa kutoka pwani kuja huku juu. Kwa hiyo nimechagua jambo la nyumbani, nalo ni hili: mtu akaaye Kasulu au Kibondo, asiye na gesi, achague namna gani joto la umeme la kumsitiri usiku? Jambo hili laonekana dogo. Nitawaeleza kwa nini kwangu mimi si dogo.

Mgeni akisikia jina la Kigoma hukumbuka ziwa, mawese na dagaa, akadhani mkoa mzima ni joto. Sivyo. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na miji yetu hii miwili imeinuka mamia ya mita kupita hapo. Mwezi wa Juni, Julai na Agosti mbingu huwa hazina mawingu, ardhi hupoa upesi baada ya jua kuchwa, na ikifika saa tisa ya usiku mabati huwa baridi kama jiwe la mtoni. Mtu aliyezoea shuka moja ya Dar es Salaam hutaabika.

Mimi nami nilikuwa mgeni wa namna hiyo. Nilipohamishiwa Kibondo nilipanga nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati na madirisha ya vioo. Usiku mmoja wa Julai baridi ilituzidi. Mke wangu alikuwa amemaliza kupika, na jiko la mkaa lilikuwa bado jekundu. Tukaliingiza chumbani. Mkaa ulikuwa umekwisha kuiva, hauna moshi hata kidogo, nasi tukajiona tu watu wa akili. Nikafunga mlango, na yale matundu ya hewa juu ya dirisha nikayaziba kwa matambara kwa mikono yangu mwenyewe. Tukalala na mtoto wetu wa miaka mitatu kati yetu.

Niliamka kwa maumivu ya kichwa ambayo sijapata kuyaona tena. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nikamwita mke wangu, akajibu kama mlevi. Nikamgusa mtoto, akawa mlegevu kama nguo iliyoloa. Namshukuru Mungu ya kuwa kitanda chetu kilikuwa karibu na mlango. Nilitambaa, nikaufungua, nikamburuta mtoto mpaka barazani. Majirani wakaja, tukapelekwa hospitali, nasi sote watatu tukapona. Lakini, Mabwana, kama ningalichelewa nusu saa, leo nisingekuwa hapa kuwahutubia.

Asubuhi yake mama mmoja mzee, jirani yetu, alikuja kutupa pole. Akatazama matambara yale, akaniambia: “Mwanangu, sisi tumeota moto maisha yetu yote. Lakini nyumba zetu za nyasi zilikuwa zikipumua. Wewe yako umeiziba pua na mdomo.” Mimi niliyesoma sayansi darasani nilikuwa sina la kumjibu.

Na maneno yake ndiyo sayansi yenyewe. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni, basi damu hushindwa kuchukua oksijeni ya kumwezesha mtu kuishi. Moshi wa kuni humwasha mtu macho, naye huamka akatoka nje. Mkaa ulioiva haumwonyi mtu. Nao huendelea kutoa hewa hiyo hata ukiwa umefunikwa na majivu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo. Mtu akiona hayo na afungue mlango, awatoe watu nje mara moja, kisha wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepona.

Sasa nije katika habari ya gesi na umeme. Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kutumika kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likafuata mwaka 2015. Lakini mabomba hayo hayafiki kwetu. Iliyoko madukani mwetu ni gesi ya mitungi, ambayo huja kwa meli kisha kwa malori, na mwenye kuipata huitunza kwa kupikia. Tena ijulikane ya kuwa moto wa gesi nao, katika chumba kilichozibwa, waweza kuleta madhara yale yale. Kwa hiyo katika chumba cha kulala umeme ndio joto lisilotoa moshi wala hewa mbaya.

Zamani shauri hili lingalikuwa la kuchekesha. Miaka mingi umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka katika mashine za dizeli, na mafuta yake yaliletwa kwa barabara. Mwezi wa Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru mkoa wetu, mashine za dizeli za Kigoma zilizimwa, kuwa ishara ya kuunganishwa na gridi ya Taifa. Leo twaweza kuuliza kwa haki: tuutumie namna gani?

Hapa naomba tushike kalamu, maana sisi ni makarani. Kila chombo cha umeme kimeandikwa nguvu yake kwa wati. Wati 1,000 zikitumika saa moja ni yuniti moja ya luku. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mwenye nyumba asiyezidisha yuniti 75 kwa mwezi aliwekewa shilingi 100 kwa yuniti, na kila yuniti ya ziada shilingi 350. Na daraja la matumizi ya kawaida liliwekewa shilingi 292, mbali na kodi. Mkiona bei nyingine katika risiti zenu, badilisheni tarakimu. Njia ya hesabu ni ile ile.

Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 4 kila usiku hula yuniti 8. Usiku 10 ni yuniti 80, yaani zile 75 za bei nafuu zimekwisha kabla hamjawasha taa wala kupiga pasi. Kwa shilingi 292, mwezi mzima wa siku 30 ni yuniti 240, nazo ni shilingi 70,080. Ni nani miongoni mwetu awezaye hayo mbele ya ada za shule?

Hita ndogo ya wati 1,000, ikiwashwa saa moja tu kabla ya kulala, ni yuniti 30 kwa mwezi, nazo ni shilingi 8,760. Blanketi la umeme la wati 100, likiwaka saa 8, halifiki yuniti moja kwa usiku. Kwa mwezi ni yuniti 24, nazo ni shilingi 7,008. Na lita 2 za maji zikichemshwa kwa birika la umeme hazifikishi robo ya yuniti. Yatieni katika mfuko wa mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo, baada ya kuyaacha yapoe kidogo, ufungeni kwa kitambaa, uwekeni miguuni. Gharama yake kwa mwezi mzima haifiki shilingi 2,200.

Mnaona basi somo la hesabu hizi. Kupasha joto chumba kizima ni ghali. Kumpasha joto mtu aliyelala ni rahisi. Hilo ndilo neno langu kuu la leo.

Muuza duka atawaambia ya kuwa hita yake ni ya ajabu, hutoa joto jingi kwa umeme mdogo. Msimsadiki. Hita ya waya mwekundu, ya feni, na ya mafuta ndani, zote hutoa joto sawa kwa yuniti moja. Tofauti yake ni tabia. Ya feni hupasha upesi na hupoa upesi. Ya waya mwekundu humpasha aliye mbele yake, lakini ni hatari karibu na chandarua na watoto. Ya mafuta hukawia kupata moto, ila hudumu na joto baada ya kuzimwa, tena haina waya ulio wazi. Ikiwa sharti mnunue hita, mimi naichagua hiyo. Kiyoyozi kiwezacho kugeuzwa kutoa joto chaweza kutoa yuniti 3 hivi za joto kwa kutumia moja, maana huvuta joto lililomo katika hewa ya nje. Lakini bei yake na ufundi wake si wa mshahara wa karani.

Blanketi la umeme nalo lina masharti. Lisikunjwe likiwaka, lisilowe, wala lisitumiwe likiwa limechanika. Mtoto mchanga asilalishwe juu yake, wala mgonjwa asiyeweza kuhisi joto au kulizima. Na hita yo yote ichomekwe katika soketi ya ukutani, si katika ekstensheni yenye simu tatu na redio. Nyumba nyingi tunazopanga zimetiwa nyaya za taa na simu tu. Mwiteni fundi azitazame, pamoja na waya wa ardhi, kabla ya kuwasha. Mkishika plagi mkaikuta ina moto, zimeni.

Tena kabla ya kununua chochote, tazameni nyumba. Joto hupanda juu, na bati lisilo na dari hulitoa lote nje. Dari, hata ya chumba kimoja cha kulala, mapazia mazito, na tambara chini ya mlango, ni joto lisilolipiwa luku kila mwezi. Lakini yale matundu ya juu yaacheni wazi. Mimi niliyaziba mara moja, nami nimekwisha kuwaambia yaliyonipata.

Bwana mmoja ameniuliza nje kabla ya mkutano: “Na umeme ukikatika?” Swali lake ni zuri, maana usiku kama huo ndio jiko hurudi chumbani. Jibu ni kuwa na blanketi la pili na ule mfuko wa maji, ambao waweza kujazwa kwa maji yaliyochemshwa jikoni kwa moto wo wote. Maji yaingie chumbani. Moto ubaki nje.

Bwana Mwenyekiti, naomba kutoa mashauri mawili yajadiliwe. La kwanza, kila mwanachama anayehamia Kasulu au Kibondo aelezwe habari ya jiko la mkaa siku ile ile anapopokewa, kabla hajafungua mizigo yake. La pili, mfuko wetu wa kukopeshana ukubali maombi ya fedha za dari na mablanketi, kama ukubalivyo ya baiskeli na mabati.

Watu husema ajali haina kinga. Mimi nasema ajali hii inayo, na bei yake nimewahesabia hapa. Mtoto wangu sasa yuko darasa la nne. Kila nimwonapo akitoka asubuhi na madaftari yake, huukumbuka mlango ule.