Hospitali Kubwa na Kijiji Kidogo
Maneno ya katekista siku ya Jubilei



Baba Askofu, Mapadre, Masista, Waalimu, na ninyi Wakristu wa parokia zote, nimepewa leo kusema habari ya wagonjwa wetu.

Ninyi nyote mwaijua Bugando, hospitali iliyo juu ya kilima pale Mwanza. Maaskofu waliijenga, ikafunguliwa mwaka 1971. Mwaka 1972 Serikali ikaitwaa. Mwaka 1985 ikarudi mikononi mwa Kanisa kwa mapatano. Tangu hapo mzigo wachukuliwa na wawili: Kanisa laiongoza hospitali, na Serikali yalipa mishahara ya watumishi wengi. Lakini, ndugu zangu, wawili hao hawatoshi. Yuko wa tatu, naye ni kijiji.

Utazameni ugonjwa wa saratani. Zamani mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alikwenda Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Katika miaka ya 2010 mashine za mionzi zikawekwa Bugando, na safari ikapungua. Walakini mashine haiendi kumtafuta mgonjwa nyumbani kwake. Saratani ya mlango wa kizazi, iwapatayo wanawake wa nchi yetu kuliko saratani nyingine zote, yaweza kuponywa ikionekana mapema. Lakini wengi hufika imekwisha kuenea. Ni nani atakayemhimiza mama huyo mapema? Ni mganga wa zahanati, ni jirani, ni mwalimu.

Tena mwaka 2018 nchi ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14, wasipatwe na ugonjwa huo. Chanjo huletwa na Serikali, bali hesabu ya wasichana imo katika daftari la mwalimu. Daftari likikosa, chanjo nayo haitatosha.

Basi wakubwa wakikaa kupanga idadi ya mabingwa na vitanda na mashine, yafaa watuulize kwanza: Wagonjwa ni wangapi? Nauli waipata wapi? Wakifika mjini walala kwa nani? Nasi tuwe na jibu lililoandikwa. Kila parokia imchague mtu mwaminifu, asiyetangaza siri ya mgonjwa, apeleke habari hizo zahanati na kwa mganga mkuu wa wilaya. Tusipowaambia, watapanga kwa kukisia, na atakayeumia ni mama yetu.

Mkono mmoja haulei mwana. Mungu awaponye wagonjwa wetu, atujalie umoja. Amina.