Spea za Breki: Endeni Watu Wawili
(Mazungumzo ya fundi na vikundi vyenye gari)

Mimi ni fundi, sitawachelewesha. Kununua pikapu ya kikundi mlikaa mikutano mingi. Lakini breki zikiisha, mnampa dereva pesa aende Kirinyaga Road, Nairobi, peke yake. Kwa nini?

Breki pedi bandia ukiiona dukani ni kama orijino tu, boksi na rangi ni vile vile. Tofauti mtaijua mkiteremka Mai Mahiu na mzigo wa saruji. Pedi ikipata moto, pale inaposugua panakuwa laini kama kioo. Dereva anakanyaga, gari haisimami.

Basi endeni wawili. Bebeni pedi ya zamani na namba ya chasisi, maana gari za jina moja hutofautiana. Namba ya boksi isipolingana na ya pedi yenyewe, rudisheni. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine, ulizeni kwa nini. Si lazima boksi liwe na jina la kampuni ya gari. Viwanda vinavyoitengenezea spea huuza pia kwa jina lao, na kwa bei nafuu. Risiti iandikwe namba ya spea. Bila risiti, sheria ya 2008 ya kupinga bidhaa ghushi mtaitumiaje?

Na boksi tupu lichaneni, filta kuukuu itoboeni. Kuna wanaoziokota.

Haya, aliyekuja na gari ailete hapa chini ya mti, tufungue gurudumu moja tuone.