Nani Amlinde Mnunuzi?

Hotuba kwa wanaharakati na waumini, Mathare, Nairobi



Tumeulizwa kama kuna faida yoyote serikali kusimamia usalama wa bidhaa. Wako wasemao: mwacheni mnunuzi ajichagulie; muuzaji mbaya atakosa wateja. Sisi twajibu kwa mfano ambao Mathare inaujua vyema: pombe ya bei nafuu.

Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walifariki Mukuru na mitaa jirani baada ya kunywa "kumi kumi" iliyotiwa methanoli. Wengine walipofuka. Methanoli ni kemikali ya viwandani. Haina rangi, nayo hunukia kama pombe ya kawaida. Sumu yake huweza kukawia saa nyingi kabla ya kujitokeza. Mnunuzi angeitambuaje? Na muuzaji akikosa wateja kwa sababu wamekwisha kuzikwa, hiyo ni haki gani?

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba marufuku peke yake ni ulinzi. Wakati wa msiba ule, chang'aa ilikuwa haramu. Marufuku haikuiondoa, iliificha gizani, isipimwe na yeyote, ikawa shamba la kuvunia hongo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2010, chang'aa ikaruhusiwa kwa leseni na masharti. Lakini Februari 2024, watu wapatao 17 walikufa Kirinyaga, na serikali yenyewe ikaeleza kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo cha kesi kilichoibwa kutoka kituo cha polisi.

Kwa hiyo, ndugu, sheria tunayo. Tunachokosa ni mlinzi anayewajibika. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa bora, habari kamili, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia anapodhurika. Haki hiyo ni ya mlevi kama ilivyo ya mchungaji. Kanisa na lihubiri kiasi, lakini lisiseme kwamba aliyekufa alijitakia.

Twadai matokeo ya upimaji yatangazwe hadharani, afisa anayepokea hongo ashtakiwe, na jamaa za waliokufa walipwe fidia. Serikali isiyoulizwa maswali haimlindi mtu. Basi tuiulize, wala tusichoke.