Limbuko Hutangulia Hesabu

Maneno ya ofisi ya mweka hazina katika mkutano mkuu wa mwaka

 

Kamati ilituomba sisi wa hazina tuseme neno juu ya malimbuko kabla ya kusoma taarifa ya fedha. Tulicheka kidogo, maana wahasibu na mimbari hawajazoeana. Tulipokaa na Maandiko tukaona jambo lenyewe liko karibu sana na daftari letu.

Lugha yetu inalijua tangu zamani. Kulimbuka ni kuonja mazao mapya kwa mara ya kwanza. Mtoto anayekula hindi la kwanza la msimu analimbuka. Sasa Mambo ya Walawi, sura ya 23, iliwaagiza Waisraeli wapeleke mganda wa kwanza kwa kuhani, na kabla ya siku hiyo wasiguse nafaka mpya, iwe mkate au ya kukaanga. Mungu kwanza, ndipo nyumba ilimbuke.

Angalieni wakati. Mganda huo unapokatwa, shamba lote bado limesimama. Mvua ya mawe inaweza kuja, nzige wanaweza kuja. Mkulima hajui atapata magunia mangapi, na anatoa. Fungu la kumi ni hesabu: unahitaji kujua jumla ndipo ugawe. Limbuko halingoji jumla. Walimu wa Kiyahudi ambao mafundisho yao yalikusanywa katika Mishna, yapata mwaka 200 baada ya Kristo, waliliweka kati ya mambo ambayo Sheria haikuyapangia kipimo. Wanaeleza kwamba mtu alishuka shambani kwake, na akiona tini la kwanza kuiva alilifunga jani liwe alama, akatamka palepale kuwa hilo ni limbuko. Tini moja, na mti mzima bado mbichi!

Paulo naye, katika 1 Wakorintho 15, anamwita Kristo aliyefufuka limbuko la waliolala. Maana yake mganda umeshaletwa, na shamba zima linafuata. Mkristo anayetoa cha kwanza anamjibu Mungu aliyetangulia kutoa. Hanunui baraka.

Ndiyo maana hatukubaliani na mahubiri tunayoyasikia mijini kwamba limbuko lazima liwe mshahara wote wa Januari. Aliye na uwezo na moyo umeridhika, atoe, wala tusimzuie. Lakini mzazi anayetoa mshahara mzima, kisha Februari anakopa kwenye simu ili alipe ada, ametoa fedha ya mkopeshaji. Kumbukumbu la Torati 26 inasema aliyeweka kikapu chake mbele za Bwana afurahie mema aliyopewa, yeye na nyumba yake, pamoja na Mlawi na mgeni. Limbuko la Biblia liliacha chakula mezani.

Wenzetu tulioajiriwa, tazameni hati zenu za mshahara. Kodi inakatwa kabla hatujaiona pesa, na mchango wa pensheni vilevile. Serikali imelielewa somo la limbuko kuliko waumini wengi.

Sasa tuseme wazi: chama hiki si madhabahu. Asiwepo wa kupunguza sadaka ya kanisani kwake, akatuletea sisi na kuiita limbuko. Ila sura ileile ya 26, ikishamaliza habari za kikapu, inageukia mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba mijini mwao. Kikapu na jirani havikuachana.

Daftari letu linasemaje? Michango mingi huingia wiki ya mwisho ya Desemba, ada zikiwa zimelipwa, nauli imekatwa, mbuzi ameshanunuliwa. Chama kinapata kilichobaki. Wakati huo ukuta wa wodi ya wazazi umesimama bila paa, na masika yanaanza Machi. Mabati hununuliwa Januari au yasubiri mwaka mwingine, na ukuta hautasubiri. Tunaomba ahadi yako iandikwe mstari wa juu kabisa wa bajeti ya Januari. Ikiwa ni shilingi elfu tano, iwe elfu tano ya kwanza.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Mishna inasimulia kwamba mwenye kikapu alipaswa kukariri maneno ya shukrani, na asiyejua kusoma alitamkishwa. Hao waliona aibu, wakaacha kuja. Ikaamuliwa wote watamkishwe, wasomi kwa wasiosoma. Nasi tumeona mama zetu wa hapa kijijini wakiinamisha kichwa kila yanaposomwa mamilioni ya watu wa mjini, na wengine hawaji tena. Basi kamati imekubali: mwaka huu majina yatasomwa kwa mpangilio wa alfabeti, bila viwango. Kiasi kitaandikwa kwenye stakabadhi ya kila mmoja, na daftari zima liko mezani kwa mwanachama yeyote anayetaka kulikagua. Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki.