Mwanasheria Aliyesoma Vizuri

Fungu letu la leo ni Injili ya Luka, mlango wa 10, kuanzia mstari wa 25 hadi wa 37. Kama Biblia yako i karibu, ifungue. Kama unakuna nazi au unatengeneza wavu, endelea na kazi yako huku ukisikiliza, nasi tutakuhadithia.

Mwanasheria mmoja alisimama mbele ya Yesu ili kumjaribu. Alitaka kujua afanye nini apate kuurithi uzima wa milele. Wengi wetu tukifika hapa twaruka upesi mpaka kwa Msamaria, kwa sababu hadithi hiyo twaipenda tangu shule ya Jumapili. Lakini tukae kidogo hapa mwanzo. Yesu hakumjibu mtu yule. Alimrudishia swali juu ya yaliyomo katika torati, na jinsi yeye mwenyewe anavyoisoma. Naye mwanasheria akajibu vizuri sana. Alichukua amri ya kumpenda Mungu kutoka Kumbukumbu la Torati mlango wa 6, akaiunganisha na amri ya kumpenda jirani kutoka Mambo ya Walawi mlango wa 19. Angekuwa katika mashindano ya Biblia ya vijana wetu, zawadi ya kwanza ingekuwa yake. Yesu mwenyewe alikubali kwamba jibu ni sahihi, kisha akamwambia aende akalifanye.

Shida ilianzia hapo. Kusoma kulikuwa kumekwisha, na kulikobaki ni kutenda, na yule bwana akaanza kutafuta mpaka: jirani yangu ni nani hasa?

Hapa kwetu pwani ya kusini, tangu Likoni mpaka Lungalunga, swali hilo lina uchungu. Wenye umri wanaukumbuka mwezi wa Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 watu wenye silaha walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki. Siku zilizofuata nyumba na vibanda vya watu wa bara vilichomwa moto, na fujo zikaenea hata Ukunda na Diani. Watu zaidi ya 100 waliuawa. Maelfu walikimbia, na wengi wao walipata hifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Halafu ukaja msako, na vijana wengi wa Kidigo wakakamatwa na kupigwa, wakiwamo wasiojua lolote. Uchaguzi mkuu ulikuwa mwezi wa Desemba mwaka huo huo, na si siri tena kwamba wanasiasa walikuwa na mkono wao katika jambo lile.

Basi Mkristo wa Ukunda ambaye baba yake alitoka Ukambani au Nyanza, akisoma neno jirani, haoni herufi tu. Anaona uso wa mtu. Labda ni mtu aliyemwona njiani usiku ule. Na Mdigo wa nyumba ya pili, yeye naye ana uso anaouona.

Tusidhani pia kwamba chuki ile ilianza mwaka 1997. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Mwenye kudai shamba alitakiwa kuja kuandikisha dai lake. Wenyeji wengi wa Kimijikenda, ambao mashamba yao yalijulikana kwa miti na makaburi ya wazee, hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya serikali. Hivyo mzee amezaliwa mahali, babu yake amezikwa hapo hapo, na kwa karatasi yeye ni mgeni. Mkristo anayesoma Biblia yake vema katika eneo kama hili hana budi kuijua habari hiyo, kwa maana haiwezekani kumpenda jirani ambaye hutaki kusikia kilichompata.

Sasa turudi katika njia ya Yeriko. Kutoka Yerusalemu mpaka Yeriko ni kama kilomita 27, karibu sawa na kutoka kivuko cha Likoni mpaka Ukunda, na njia yenyewe inateremka sana, kuliko hata ile ya kutoka Kwale mjini kushuka Kombani. Mtu aliangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kuhani akapita, Mlawi akapita. Watu hawa wawili torati waliijua. Mmoja kazi yake ilikuwa madhabahuni, wa pili alihudumu hekaluni. Pengine walikuwa na sababu zao. Wenye sababu hawakosekani katika kanisa lolote.

Aliyesimama ni Msamaria. Leo jina hilo limekuwa zuri, hata hospitali na vyama huitwa hivyo, na kwa sababu hiyo hatushtuki tena. Wasikilizaji wa kwanza wa Yesu walishtuka. Wasamaria walivikubali vitabu vitano vya Musa peke yake. Walikuwa na mlima wao wa ibada, Gerizimu, na hekalu lao huko lilibomolewa na Wayahudi zaidi ya miaka 100 kabla ya Bwana wetu kuzaliwa. Kwa hiyo aliyetenda neno lililoandikwa katika Walawi alikuwa mtu wa upande wa pili, asiyesali pamoja nao, ambaye nyumba yake ya ibada ilikuwa imebomolewa na watu wa kabila la yule majeruhi.

Sisi Wakristo wa Kwale ni wachache katikati ya Waislamu, na hapa Neno latugusa mahali panapouma. Je, tuko tayari kujifunza utii kwa jirani anayesali msikitini? Wako wanaoogopa wakisikia hivyo, wakidhani twaichanganya dini na dini. Hatuchanganyi. Kristo ndiye Bwana wetu. Lakini ni Kristo huyo huyo aliyechagua Msamaria awe mwalimu wa mwanasheria.

Na tukumbuke jinsi Neno lilivyotufikia. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Juni mwaka huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin wa Barawa. Mwezi uliofuata homa ikamchukua mkewe Rosine, na kitoto chao kichanga baada yake. Alimzika mkewe ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa hoi. Hakuiacha kazi. Mwaka 1848 ilichapwa Bombay Injili moja aliyoitafsiri katika lugha ya Warabai, ndugu zao Wadigo na Waduruma. Injili hiyo ilikuwa ya Luka. Kwa hiyo habari ya Msamaria ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kabisa kuchapwa katika lugha ya Wamijikenda. Wadigo wenyewe walingoja sana. Agano Jipya kwa Chidigo lilitoka mwaka 2007.

Twaweza kulisifu jambo hilo na kulala usingizi. Afadhali tulishushe mpaka shambani.

Tuseme ndugu mmoja wa kanisa, fundi wa mbao, amenunua kiwanja huko Msambweni. Hati anayo, na pesa zake alizipata kwa jasho. Katika kiwanja hicho mna minazi 6, na kila baada ya miezi michache anakuja mzee na mkwezi wake, wanaangua nazi na kwenda zao. Ndugu yetu anakasirika. Hati inasema kiwanja ni chake. Lakini kwa desturi ya huku, mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine, na mzee yule alipanda minazi ile akiwa kijana. Aliyeuza kiwanja alinyamaza.

Jumapili ndugu yetu anasoma somo kanisani kwa sauti nzuri. Jumatatu afanye nini? Anaweza kumwita askari. Anaweza kukata minazi usiku, na tumesikia waliofanya hivyo, na ni aibu. Au anaweza kuketi chini na kusoma tena: Kumbukumbu la Torati 19, mstari wa 14, panapokatazwa kuhamisha alama ya mpaka ya jirani, kisha 1 Wafalme 21, habari ya Nabothi, ambamo barua zilikuwa na muhuri wa mfalme na bado zilikuwa uovu. Baada ya hapo avae viatu, aende kwa mzee na kumsalimu, "Shikamoo, mzee," angoje mpaka aitikiwe, aketi atakapoonyeshwa, na kusema, "Nimekuja tuzungumze habari ya minazi yako." Wazee wa mtaa waitwe. Yawezekana wakakubaliana bei ya kila mti. Yawezekana mzee akaendelea kuangua mpaka mwisho wa siku zake. Msamaria naye alitoa dinari mbili, na akaahidi nyingine zikipungua.

Kuna kusoma kwingine kugumu kuliko huko. Yuko mama aliyechomewa nyumba mwaka 1997, akaenda kwao bara, akarudi. Kila siku anapita mbele ya duka la mtu ambaye anaamini alijua mambo yale kabla hayajatokea. Hatuwezi kumwambia mama huyo, tukiwa tumeketi hapa mbele ya kipaza sauti, kwamba asahau. Biblia haimwambii asahau. Tunachoweza kumwomba ni kwamba asome Luka 10 polepole, hata kwa mwezi mzima, na siku atakapoona anaweza, anunue chumvi katika duka lile.

Na tuombe.

Bwana Yesu, wewe unamjua fundi na unamjua mzee wa minazi. Mpe mmoja wao neno la kwanza la kusema wiki hii. Umkumbuke mama anayepita dukani, na mwenye duka pia. Waponye waliopigwa mwaka ule wasipokuwa na kosa. Tunapofungua kitabu chako kesho asubuhi kabla ya kwenda baharini, shambani au hotelini, tuonyeshe jina la mtu. Amina.